Pikapu ya Ami inageuzwa fowili: shajara ya gereji, Wete

Rajabu

Gari imeingia gereji leo. Ni Toyota Hilux ya kile kizazi kilichotengenezwa kuanzia 1988 hadi 1997, dizeli, injini ya 2L yenye sisi 2446, na inavuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Mwenyewe ni ami yangu, mdogo wa marehemu baba, na shamba lake la karafuu liko Mtambwe, upande wa milimani. Kwenye lami hana shida nayo. Shida ni njia ya kutoka lamini mpaka shambani: udongo mwekundu, mlima, bonde lenye maji, kisha mlima tena. Ikinyesha usiku, asubuhi pikapu isiyo na mzigo haipandi. Nyuma ni nyepesi, matairi yanazunguka palepale, na mkia unakwenda pembeni kutafuta mtaro. Mwenye kuijua Pemba ya magharibi anajua nnachosema.

Na karafuu haina subira. Ikishachumwa ichambuliwe, itolewe makonyo, ianikwe. Ikilala imelundikana ndani ya magunia inapata joto, inachacha, rangi inaharibika, na siku ya kuuza daraja linashuka. Tangu tufani ya 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, karafuu nyingi ya Zanzibar imekuwa ikitoka huku kwetu, na bado sehemu kubwa inashuka milimani juu ya vichwa vya watu. Ami amechoka na hilo. Maneno yake: "Mwanangu, sitaki gari mpya. Nataka hii hii ipande."

Nimemkubalia kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo litakaloongoza kazi yote hii. Hatutaokota ekseli huku, giaboksi kule, stelingi kwa mtu wa tatu. Tutatafuta fowili moja iliyokufa, yaani gari inayovuta kwa magurudumu yote manne, ya kizazi hichi hichi, na kila kitu kitoke kwenye gari hiyo. Magurudumu ya mbele kuvuta ni jambo moja tu kati ya mengi. Gari ikigeuzwa fowili, difu ya mbele (boksi la gia la katikati ya ekseli) lazima ikubaliane na ya nyuma, propela (shafti zinazopeleka nguvu kwenye difu) zikubaliane na urefu wa giaboksi, stelingi ikubaliane na springi, breki zikubaliane na uzito. Kiwandani watu walikaa wakayapatanisha hayo yote. Mkusanyaji wa vipande anayavunja mapatano yale, halafu dereva ndiye anayeyalipia mlimani.

Rajabu, mwishoni

Mtoaji, yaani gari ya kutolea vipande, amepatikana Tumbe. Hilux ya fowili, ekseli nzima mbele na springi za majani, ilikuwa ikibeba samaki kutoka mnadani. Injini yake, 3L, ilishatolewa zamani ikafungwa kwenye boti, sampu ikaachwa. Giaboksi ipo, transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) ipo, ekseli zote mbili zipo, propela zote mbili zipo, stelingi ipo nzima.

Chesisi ndiyo iliyonipa la kufikiria. Kwa kawaida njia bora ya kazi hii ni kuchukua chesisi ya fowili nzima na kuipandisha bodi na tenga (sehemu ya kubebea mzigo) juu yake, kwa sababu mabano yote yapo tayari mahali pake. Lakini maji ya samaki, chumvi tupu, yamekuwa yakichuruzika nyuma ya gari hii miaka na miaka. Kutoka katikati kwenda nyuma, nyundo inapita ndani ya chuma. Mbele ni mzima kabisa: injini ilikuwa ikivuja oili, na oili ile imekilinda chuma. Kwa hiyo chesisi ya mtoaji haifai kubebea mzigo, ila mabano ya mbele yatakatwa kwake na kuja kwetu.

Kuna faida nyingine ya kubaki na chesisi ya Ami. Namba ya chesisi ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi, na kwa macho ya sheria namba hiyo ndiyo gari yenyewe. Tukiibadilisha chesisi tumeibadilisha gari. Hivi tulivyoamua, kadi inabaki ya Ami, na mkaguzi wa magari ataoneshwa mabadiliko yaliyofanyika juu ya chesisi ile ile.

Shaabani

Kabla ya kugusa grainda, kupima.

Kwanza difu. Nimefungua zote mbili za mtoaji nikahesabu meno: gurudumu kubwa 41, pinioni 9. Mbele vile, nyuma vile. Ukigawa unapata 4.556. Ziko Hilux za 4.10, za 4.30 na za 4.875, na kwa nje ekseli hazitofautiani, ndiyo maana haifai kuamini maneno ya muuzaji. Difu mbili zisizolingana zikiunganishwa na transfa zitavutana kila mzunguko wa gurudumu, na chuma dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachokatika. Meno yahesabiwe.

Pili, magurudumu. Ekseli ya nyuma ya Ami ina bolti 5 kwenye duara la milimita 114.3, ya fowili ina 6 kwenye 139.7. Ndiyo kusema ekseli ya nyuma nayo inabadilishwa, hata kama ya zamani ni nzima, la sivyo atalazimika kubeba spea mbili za aina mbili.

Tatu, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ile ya gari ya kuvuta nyuma ina kina mahali ambapo ekseli ya mbele itapanda springi zikibonyea. Sampu ya fowili imeumbwa kuipisha ekseli. Injini za 2L na 3L ni za ukoo mmoja, na matundu ya sampu ya mtoaji yamekaa bila kulazimishwa. Nimechukua na bomba lake la kunyonyea oili, kwa sababu sampu mpya na bomba la zamani ni njia fupi ya kuiua injini: kina kimehama, bomba linabaki kunyonya hewa.

Giaboksi nayo imekubali bega la injini kwa bolti zote. Sahani ya klachi nimeijaribu kwa mkono kwenye shafti kabla ya kunyanyua chochote. Imeingia na kutoka kwa ulaini.

Shaabani, katikati

Kazi ya kuchomelea nimemkabidhi Maalim. Anasomesha chuoni jioni na mchana ni fundi wa kuchomelea, na sijaona hapa Wete mkono uliotulia kuliko wake. Alipofika aliizunguka gari kimya, kisha akasema, "Bwana, kwanza tuifunge isiende popote, ndio tukate." Tukaiweka chesisi juu ya vigingi vinne vya chuma, tukaisawazisha kwa pima maji, na tukachomelea vyuma vya muda kutoka ubavu hadi ubavu. Chesisi ikikatwa mbele bila kufungwa inajikunja kwa milimita ambazo jicho halizioni, lakini matairi yatazionesha.

Mbele ya gari ya Ami kulikuwa na mikono miwili kila upande na tosheni (fito za chuma zinazojisokota badala ya springi), vyote vikishikiliwa na mtambaapanya mmoja mzito, chuma kinachokatiza chesisi, ambao pia unabeba injini. Huo ndio uliokatwa. Mabano ya springi ya mtoaji tuliyachorea kwanza kwenye karatasi ngumu yakiwa bado mahali pake, pamoja na umbali wake kutoka tundu la bolti ya bodi, ambalo ni lile lile kwenye chesisi zote mbili. Kimo cha mabano hayo kina kazi kubwa kuliko kinavyoonekana. Ndicho kinachoamua ekseli ilale vipi, na ulalo wa ekseli ndio unaoipa stelingi tabia ya kujirudisha yenyewe. Tumelenga karibu nyuzi 3 za kulala nyuma. Pungufu ya hapo gari inatangatanga barabarani; zaidi sana, pinioni ya difu inatazama chini na krosi (kiungo cha kujipinda) ya propela ya mbele inateseka.

Maalim ana sheria zake na nnaziandika hapa kwa faida ya vijana. Rangi na kutu vitolewe mpaka chuma king'ae. Nondo za kuchomelea ni 7018, na ziwe kavu. Yeye anazipasha moto kabla ya kazi, kwa sababu hewa yetu ya bahari inazitia unyevu na unyevu unapasua mshono kwa ndani baadaye. Bati la kuongezea nguvu lisikatwe mraba: ncha zake ziende mshazari, ili mshono usikatize ubavu wa chesisi kwa mstari mmoja wa wima. Betri itolewe. Na mahali bolti inapopita katikati ya chesisi, bomba liingizwe ndani kwanza, bolti ipite kwenye bomba, vinginevyo ukikaza unaziminya kuta mbili zikutane.

Mara umeme ulikatika mshono ukiwa nusu. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu 2010, na kabla ya hapo kazi ya namna hii ilikuwa ya jenereta. Maalim hakuendeleza pale alipoachia. Alisubiri, akasaga ncha ya mshono, akaanza upya.

Baada ya mabano kukaa tulipima mishazari: kutoka tundu la bano la mbele kulia hadi bano la nyuma kushoto, na kinyume chake. Ilipolingana ndipo vyuma vya muda vilipoondolewa.

Ramadhani

Mchana tunapumzika, kazi ni baada ya tarawehe. Mabanda yana upepo, mtaa uko macho, na kijana anayejifunza kwangu anafanya kazi vizuri zaidi usiku.

Mwezi huu ni wa ekseli ya mbele, na hapa ndipo nnapotaka kukaa.

Ekseli nzima ya Hilux ina kichwa cha duara kila upande, na ndani yake jointi inayopeleka nguvu kwenye gurudumu huku gurudumu likigeuka. Kichwa hicho hujazwa grisi, si oili. Kati yake na difu kuna sili ndogo, na sili hiyo ikichoka, oili ya difu inavuja ndani ya kichwa na kuikoroga grisi ikawa uji mweusi. Ndivyo tulivyoikuta kwa mtoaji, pande zote mbili. Tumefungua kila kitu, tukaosha kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikawa cheupe, tukaziangalia jointi njia ya kila golori. Upande mmoja golori zilikuwa zimechimba vishimo. Jointi hiyo imebadilishwa. Nyingine ni nzima.

Grisi tuliyojaza ni yenye molibdenamu, na kijana nimemfundisha kuisukuma kwa kidole gumba mpaka itokee upande wa pili, si kuipaka juu. Beringi za juu na chini za kichwa zina vibati vyembamba vinavyoamua ugumu wa kugeuka. Vibati hivyo visipotezwe wala kuchanganywa upande na upande. Tulifunga kichwa bila sili ya nje, tukakivuta kwa mizani ya springi, tukapunguza na kuongeza vibati mpaka uzito wa kuvuta ukalingana kulia na kushoto. Ekseli iliyolegea hapo ndiyo inayoleta ile tetemeko ya stelingi gari ikipita shimo, ambayo watu wengi huitibu kwa kubadilisha matairi na isipone.

Habu, vitovu vya magurudumu ya mbele, zimewekwa zile za kufunga na kufungua kwa mkono. Zikiwa wazi, magurudumu ya mbele yanazunguka peke yake na difu ya mbele imelala, kwa hiyo kwenye lami gari haibebi kazi isiyo na maana.

Jambo jingine dogo: kila ekseli ina tundu la kupumulia. Difu iliyopata moto ikiingia kwenye maji ya bonde inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na maji yananyonywa kupitia popote penye nafasi. Tumeunga mipira mirefu na kuipandisha hadi karibu na kifuniko cha injini.

Giaboksi na transfa vimepanda mkesha wa ishirini na saba ukiwa umeshapita. Tundu la sakafu limekatwa kubwa zaidi kwa ajili ya rungu la pili la gia, la transfa, na kifuniko kimekatwa kutoka sakafu ya mtoaji. Ekzosi imekunjwa upya. Tangi halikuguswa.

Mfunguo mosi

Baada ya sikukuu, stelingi na breki.

Boksi la stelingi la fowili linakaa nje ya ubavu wa chesisi na kusukuma fimbo mbele na nyuma, si kulia na kushoto. Nguvu yote ya gurudumu likigonga jiwe inarudi pale. Tumeweka bati nene ndani na nje, mabomba manne kwa bolti nne. Fimbo zenyewe ni za mtoaji, nzima, zimebadilishwa ncha tu. Hapa Ami aliuliza kama fimbo moja iliyopinda kidogo haiwezi kukatwa na kuungwa. Nilimjibu kwa adabu lakini bila kuacha mlango wazi: "Ami, fimbo ya stelingi haichomelewi gereji hii." Maalim, ambaye kuchomelea ndiyo riziki yake, akaunga mkono kabla sijamaliza. Fimbo nyingine imeagizwa Gerezani, Dar es Salaam, ikaja kwa meli hadi Mkoani.

Breki za mbele ni za mtoaji pamoja na silinda kuu yake. Mabomba yote ni mapya. Nyuma kuna vali inayopima mzigo: fimbo yake inaunganisha chesisi na ekseli, mzigo ukiongezeka nyuma inashuka na vali inaruhusu breki kali zaidi nyuma. Sasa gari imenyanyuka. Kwa vali ile, kunyanyuka maana yake gari ni tupu daima, na breki za nyuma zinadhoofika hata tenga likiwa limejaa magunia. Lazima bano la fimbo linyanyuliwe kwa kiasi kile kile gari ilichonyanyuka. Hili nnalisema kwa nguvu kwa sababu halionekani. Gari itawaka, itapanda, itasifiwa, na siku ya kushuka Mtambwe na mzigo ndipo breki zitakapokosa nyuma. Kumgeuzia mtu gari ipande halafu isishuke salama ni dhulma.

Propela ya mbele imeingia bila kuguswa. Ya nyuma imekuwa ndefu, kwa sababu gari ya Ami na mtoaji hazina urefu mmoja kati ya ekseli na ekseli. Imepelekwa Dar kukatwa na kusawazishwa kwenye mashine. Nimepiga mstari wa rangi kwenye bomba kabla haijaondoka, ili krosi za ncha mbili zirudi zikiwa zimeelekea upande mmoja. Krosi ikizunguka ikiwa imepinda haizungushi kwa kasi moja, inaharakisha na kuchelewa. Krosi ya pili ndiyo inayofuta kasoro ya kwanza, na inaweza kufanya hivyo ikiwa tu zimepangwa sawa. Imerudi, mistari imekutana.

Mfunguo mosi, mwishoni

Masika imekaza. Gari imeshuka chini kwa magurudumu yake.

Oili zote mpya: difu zimepata GL-5 ya 80W-90. Yu-bolti zimekazwa gari ikiwa imebeba uzito wake yenyewe, si ikiwa juu ya jeki. Stelingi inajirudisha kutoka kona bila kusaidiwa. Kwa mwendo wa lami kutoka Wete kwenda Konde hapana tetemeko wala mvumo.

Nimekaa na Ami nikamweleza transfa. Hakuna difu kati ya mbele na nyuma. Ukikata kona, magurudumu ya mbele yanapita duara kubwa kuliko ya nyuma, lakini transfa inayalazimisha yazunguke sawa. Kwenye tope tairi moja inateleza kidogo na mvutano unaisha. Kwenye lami kavu haitelezi, na mvutano unajikusanya ndani ya propela na gia mpaka rungu linakataa kutoka. Kwa hiyo ukifika lamini, unatoa. Na gia za mlima, zile nzito za transfa, zinazidisha nguvu mara 2.28 na kupunguza mwendo kwa kiasi hicho hicho. Kushuka nako zitumike, injini ishike gari na breki zipumzike.

"Nimefahamu," akasema. "Na wewe utakaa pembeni."

Tumekwenda Mtambwe asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, tenga tupu, hali ile ile iliyokuwa ikimshinda. Chini ya mlima wa kwanza kijana aliteremka akafunga habu. Gia za mlima, namba mbili, bila kukanyaga sana. Mbele ilitafuta kidogo, ikashika, na gari ikapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Bondeni maji yalifika katikati ya magurudumu. Mlima wa pili una kona juu yake, na hapo ndipo mkia ulipokuwa ukitoroka siku zote. Safari hii mbele iliuvuta ukarudi njiani. Ami hakusema neno mpaka tulipofika kwenye uwanja wa kuanikia. Alizima gari, akateremka, akaenda kumwita shangazi aje aone.

Tumerudi na mihogo, ndizi na kuni, mzigo wa kutosha kupima breki. Kushuka nilimtaka asimame katikati ya mteremko. Gari ilisimama imenyooka, nyuma ikishika pamoja na mbele.

Mfunguo pili

Baada ya safari za mzigo, ukaguzi. Yu-bolti za mbele zimekubali kukazwa kidogo zaidi, jambo la kawaida springi zikishakaa. Mishono ya Maalim nimeiosha na kuipitia kwa taa: hakuna ufa, hakuna kutu iliyoanza kutoka. Imepakwa rangi ya kutu na juu yake nyeusi. Oili ya difu ya mbele nimeitoa kidogo kwa kidole: safi, haina maji, mipira ya kupumulia inafanya kazi yake. Kichwa cha ekseli cha kulia kinalowa grisi nyembamba kwa nje. Sili ya nje itabadilishwa.

Mkaguzi amelipitia gari chini na juu, ameuliza zaidi kuhusu stelingi, na ameoneshwa bati na bolti. Shokapu za nyuma bado ni za zamani na ni fupi kwa kimo hichi, springi ikishuka mpaka mwisho zinavuta, mpya zimeshaagizwa. Zikifika zitafungwa pamoja na ile sili, na gari itakuwa tayari kabla ya karafuu za msimu mkubwa kuanza kuwa nyekundu.